Kupanga studio ya kifahari katikati ya jiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeshapanga studio tatu kwenye maghorofa ya aina hii, na ndugu na marafiki wana desturi ya kunipigia simu usiku mmoja kabla ya kusaini mikataba yao. Maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa, yakiwemo yale ambayo madalali hawafurahii kuyasikia.

Studio ni nini hasa?

Ni makazi ya chumba kimoja. Unalala, unapika, unakula na unapokea wageni ndani ya kuta zilezile nne, na mlango pekee wa ndani ni wa bafu. Kikiwepo chumba cha kulala chenye ukuta na mlango wake, hata kiwe kidogo namna gani, hiyo si studio tena. Kuna matangazo yanayoita "chumba cha kulala" kona iliyozibwa kwa kabati. Usilipie kodi ya chumba kwa ajili ya kabati.

Ukilishika hilo la mlango, mengine yote yanafuata. Kwenye nyumba ya vyumba vingi, friji inayounguruma unaifungia jikoni ukaenda zako kulala. Kwenye studio friji inalala na wewe.

Neno "kifahari" kwenye tangazo lina maana gani?

Maana anayoipa aliyeandika tangazo. Utakachokikuta mara nyingi ni mapokezi yenye mlinzi saa 24, lifti, chumba cha mazoezi, pengine bwawa la kuogelea juu ya paa, kaunta ya jiwe, taa zilizofichwa darini na bafu lenye kioo badala ya pazia. Vyote vizuri, sina ugomvi navyo. Ila ni vitu vinavyopendeza kwenye picha. Vile vinavyofanya chumba kimoja kikalike havionekani kwenye picha hata moja: ukimya, hewa, maji yenye nguvu, na ukuta usiomfikishia jirani chafya yako. Mimi huanza na hivyo, marumaru baadaye.

Ukubwa gani unamtosha mtu mmoja?

Kati ya mita za mraba 25 na 45 mtu mmoja anaishi kwa raha. Chini ya 25 inawezekana pia, mradi kitanda kiwe cha kukunjwa ukutani na dari iwe juu kidogo. Ukivuka 40 unaanza kupata kona ya kazi ambayo si meza ya chakula.

Uliza hizo mita zimepimwaje. Wapo wanaopima kutoka nje ya kuta, wakaingiza na roshani. Nenda na futi kamba yako, na roli la utepe wa karatasi ule wa mafundi rangi. Kitanda cha sentimita 152 kwa 203 kinakula zaidi ya mita 3 za mraba, na kinataka kama sentimita 60 za kupita pembeni, la sivyo utakuwa unatandika shuka kwa magoti. Rafiki yangu alibandika utepe sakafuni kuchora kitanda, kochi na meza, dalali akimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Alipofungua friji, mlango wake ulisimama juu ya mahali ambapo mto ungekuwa. Aliondoka.

Pima na lifti. Kochi lisiloingia kwenye lifti ni la kubebwa kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, na wabebaji wanalijua hilo kabla yako. Na picha za mtandaoni zisikudanganye: lenzi pana hufanya chumba kionekane ukumbi. Ukiona sinki limevutika kama limeyeyuka pembeni mwa picha, ujue ndiyo hiyo.

Niende kukagua saa ngapi?

Hili ndilo swali ambalo ningetamani kila mtu aliulize, na wachache wanaliuliza.

Dalali atakupeleka asubuhi ya siku ya kazi, saa nne au saa tano, watu wamekwenda makazini, jua limeingia vizuri, barabara imetulia. Studio yangu ya pili niliiona Jumanne saa nne asubuhi. Nikasimama katikati ya chumba, nikasikiliza, kimya kabisa. Nikasaini. Alhamisi ya kwanza, saa tano usiku, glasi ya maji niliyoiacha kwenye kaunta ilianza kutetemeka. Nilidhani ni lori. Haikuwa lori, ilikuwa spika za besi kwenye ukumbi wa muziki uliokuwa nyuma ya jengo, na zilitetemesha ile glasi hadi saa tisa alfajiri, kila Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kwa miezi kumi na miwili ya mkataba wangu. Asubuhi ya Jumanne ukumbi ule ulikuwa mlango wa chuma uliofungwa, hauna hata bango.

Kwa hiyo nenda mara mbili, na mara moja iwe usiku wa mwisho wa wiki. Usipoweza kuingizwa ndani usiku, simama tu nje chini ya dirisha lako kwa dakika ishirini. Tembea kulizunguka jengo zima, maana kelele mara nyingi ziko upande ambao hukuonyeshwa: mlango wa kupakulia bidhaa za duka, mashine za viyoyozi za jengo la jirani, mahali magari ya taka yanapogeuzia alfajiri, jenereta.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30. Simu yako inaweza kupima kwa programu ya bure. Haitakuwa sahihi kama kifaa cha fundi, lakini itakuonyesha tofauti kati ya dirisha wazi na lililofungwa, na kati ya saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kumbuka desibeli hazihesabiki kama shilingi: zikiongezeka 10, sikio linasikia kama kelele zimekuwa maradufu.

Dalali anasema madirisha ni ya vioo viwili. Yanazuia kelele kweli?

Yanapunguza. Yakiwa yametengenezwa kwa kutunza joto au ubaridi tu, huenda yasisaidie sana kwa sauti. Yanayosaidia zaidi ni yale ambayo kioo kimoja ni kinene kuliko kingine, au kioo chenyewe kina utando wa plastiki katikati. Sauti za juu kama honi na makelele ya watu hupungua vizuri, ila mngurumo wa mabasi na besi hupenya karibu kila kitu.

Kabla ya kioo, angalia mpira wa pembezoni. Upenyo mdogo kwenye fremu unatosha kuharibu kazi ya kioo cha gharama. Funga dirisha, pitisha kiganja kandokando, usikie kama upepo unaingia. Palipopita hewa, kelele nazo zitapita.

Ghorofa ya juu au ya chini?

Ghorofa ya pili na ya tatu zinapokea barabara yote: honi, moshi, taa za mabango usiku. Juu zaidi kuna hewa na mandhari, lakini kuna mambo matatu watu hawayafikirii.

La kwanza ni maji. Maji yanayoshuka kutoka tangi la juu ya paa hupata nguvu kwa kimo: kila mita 10 ni takriban bar 1. Ukiwa ghorofa ya mwisho, mita tatu chini ya tangi, unapata nguvu ndogo mno ya kuogea, isipokuwa jengo liwe na pampu ya kusukuma. Ndiyo maana utakuta ghorofa ya bei ya juu kuliko zote ina bomba la mvua linalodondosha kama mfereji wa paa baada ya mvua kukatika. Fungua bomba la bafu na la jikoni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo, utazame kinachotokea.

La pili ni lifti. Hesabu ziko ngapi na apatimenti ziko ngapi. Lifti moja kwa ghorofa kumi na tano ni foleni kila asubuhi, na siku ya matengenezo ni ngazi. Uliza pia umeme ukikatika jenereta inawasha nini. "Tuna jenereta" inaweza kumaanisha lifti na taa za korido tu, huku wewe umekaa gizani na friji inavuja.

La tatu ni moto. Ngazi za magari ya zimamoto hazifiki ghorofa zote. Tafuta ngazi za dharura, zishuke kwa miguu mpaka chini, uone kama mlango wa mwisho unafunguka au umewekewa makreti ya soda.

Jiko liko hatua mbili kutoka kitandani. Harufu je?

Inategemea feni iliyo juu ya jiko inatoa hewa nje au inaizungusha tu. Nyingi kwenye studio ni za kuzungusha: zinavuta mvuke, zinaupitisha kwenye kichujio cha mkaa, zinaurudisha chumbani. Mafuta yanapungua, harufu inapungua kidogo, mvuke unabaki wote. Washa feni na ushike karatasi nyepesi chini yake. Isipoivuta, ni pambo. Kisha fungua kabati la juu utazame kama kuna bomba linaloelekea ukutani.

Kama unakaanga sana, hiyo ni sababu halali kabisa ya kukataa studio nzuri. Shuka zinanusa, mapazia yananusa, suti ya kazini inanusa.

Nguo nitazianika wapi?

Swali dogo hili limeharibu kuta nyingi. Majengo mengi ya aina hii yanakataza kuanika roshani kwa sababu ya mwonekano. Mkupuo mmoja wa nguo zilizokamuliwa na mashine bado unaweza kuwa na lita mbili za maji, na ukizianika ndani, maji hayo yanaingia hewani, yanatua kwenye ukuta wenye ubaridi nyuma ya kabati, na baada ya wiki kadhaa unaona madoa meusi ya kuvu. Mwenye nyumba atasema ni wewe. Kwa kiasi fulani atakuwa na haki.

Mashine inayofua na kukausha kwa pamoja inasaidia, ila kiwango chake cha kukausha ni kidogo kuliko cha kufua. Ukijaza ngoma kwa uwezo wake wa kufua, nguo zitatoka zikiwa na unyevunyevu. Angalia pia feni ya bafuni kama inafanya kazi, hasa bafu lisilo na dirisha.

Nipange yenye samani au tupu?

Ukikaa chini ya miaka miwili, yenye samani ina mantiki. Vitu vya studio hununuliwa kwa vipimo vya studio hiyo, na ukihama huenda visikufae kwingine. Godoro ndilo la kulikagua kwa ukali. Inua shuka, tazama mishono na pembe, tafuta vidoa vidogo vyeusi vya kunguni, halafu lilalie kwa dakika tano. Ndiyo, mbele ya dalali.

Kodi inajumuisha nini?

Omba orodha iliyoandikwa: maji, umeme, gesi, intaneti, ulinzi, taka, usafi wa korido, matumizi ya bwawa na chumba cha mazoezi, maegesho. Kwenye majengo haya gharama za huduma ndizo zinazoshtua. Uliza nani anazipanga, zilikuwa kiasi gani mwaka jana, na kama zinaweza kupandishwa katikati ya mkataba.

Umeme uwe na mita yako mwenyewe. Kama jengo lina mita moja kubwa na meneja anagawa bili, uliza kwa kanuni gani. Na tazama dirisha linaangalia wapi: kioo kikubwa kinachoelekea magharibi kinageuza studio tanuri alasiri, na kiyoyozi kitafanya kazi mpaka usiku kwa pesa yako.

Amana ya kiasi gani ni halali?

Inategemea sheria ya mahali ulipo, na sheria hutofautiana sana. Ujerumani, amana haizidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za huduma. Jimbo la New York, tangu mwaka 2019, ni mwezi mmoja. England, nayo tangu 2019, ni wiki tano kwa nyumba ambazo kodi yake ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Kwingine hakuna kikomo, ni maelewano. Jua ya kwako kabla ya kutoa hata senti.

Muhimu kuliko kiasi ni masharti ya kurudishwa: ndani ya siku ngapi, kwa njia gani, na nani anaamua kilichoharibika. Hakikisha mkataba unatofautisha uharibifu na uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia baada ya miaka miwili ni uchakavu. Kaunta iliyoungua sufuria ni uharibifu. Katikati ya hivyo viwili ndiko amana zinakopotelea: mimi nilikatwa kwa duara la kikombe kwenye jiwe jeupe la kaunta, duara nililolikuta, ila sikuwa nimelipiga picha.

Kwenye mkataba nisome nini kwanza?

Anza na namna ya kutoka. Notisi ni ya muda gani, na ukihama kabla ya muda unadaiwa nini? Kisha kupanda kwa kodi wakati wa kuongeza mkataba. Kisha nani anatengeneza nini: kiyoyozi, mashine ya kufulia, na lile kufuli la namba mlangoni. Makufuli hayo hutumia betri, na betri huisha. Uliza kama kuna ufunguo wa kawaida wa akiba, na namba ya siri itabadilishwa lini baada ya mpangaji aliyetangulia.

Soma na kifungu cha mwenye nyumba kuingia. Kwenye chumba kimoja hakuna pa kujificha wakati fundi anapima ukuta. Taarifa ya saa 24, isipokuwa dharura, ni ombi la haki.

Bwawa na chumba cha mazoezi vinastahili kuongeza kodi?

Kama utavitumia. Nenda saa kumi na mbili jioni uone watu wangapi wanasubiri mashine mbili za kukimbilia. Mimi katika miaka mitatu niliogelea mara nne.

Nifanyeje kama jirani anapangisha kwa siku chache chache?

Ndiyo hali ya majengo mengi ya katikati ya jiji: masanduku ya magurudumu koridoni saa nane usiku, watu wanaojaribu namba mlangoni kwako kwa kukosea ghorofa. Muulize mlinzi, si dalali. Mlinzi anajua apatimenti zipi ni za wageni, na akikuamini atakuambia pia lifti ipi inakwama.

Watu wawili wanaweza kuishi studio?

Wanaweza, kama ratiba zao za kulala zinafanana. Wasipokosana kwa taa watakosana kwa simu. Hakikisha majina yote mawili yapo kwenye mkataba, vinginevyo mmoja ni mgeni wa kudumu asiye na haki yoyote.

Nitajuaje kama tangazo ni la utapeli?

Bei iko chini mno kwa eneo lile, mwenye nyumba "yuko safarini", na anataka malipo ya kushikilia nafasi kabla hujaingia ndani. Moja tu kati ya hizo inatosha kukusimamisha. Zitafute picha za tangazo mtandaoni kwa kutumia picha zenyewe. Zikionekana kwenye mji mwingine, umeshapata jibu. Ukifika, muombe anayejiita mwenye nyumba aonyeshe hati ya umiliki au barua ya uwakala, na jina lilingane na la akaunti unayolipia. Kuwa na ufunguo si ushahidi, hata mpangaji wa siku mbili anao.

Na apatimenti inayotangazwa na madalali watano kwa miezi? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waulize kwa nini haijachukuliwa, uone kama majibu yatafanana.

Nimekabidhiwa funguo. Siku ya kwanza nifanye nini?

Usiingize hata begi. Chumba kikiwa bado kitupu, pita na simu ukirekodi video: kuta zote, dari, ndani ya kabati, chini ya sinki, mpira wa friji, kila doa la kaunta kwa karibu, na namba za mita ya umeme na ya maji. Washa kila swichi, kila jiko, kiyoyozi kwa nusu saa. Kisha mtumie mwenye nyumba video hiyo siku hiyohiyo kwa barua pepe, ukiandika mistari miwili mitatu ya kasoro ulizoziona, kwa lugha ya upole. Akijibu "sawa, nimeona", lihifadhi jibu hilo mahali pamoja na mkataba.

Halafu ndipo uite wabebaji.